Misikiti ya Kale ya Pemba na Wajenzi Wake

Katika maswali yote yaulizwayo juu ya taarikh ya kisiwa cha Pemba, hakuna linalopewa jawabu kwa haraka zaidi, wala kwa hoja chache zaidi, kuliko lile la nani aliyeijenga misikiti ya mawe ambayo magofu yake yamesimama hata leo Ras Mkumbuu, Chwaka, Mtambwe Mkuu na kwingineko kando ya bahari. Aulizwapo mtu hapa Madungu, au katika mtaa wowote wa mji wa Chake Chake, aghalabu atasema kwamba ni kazi ya Washirazi. Na akizidi kuulizwa hao Washirazi walifika lini, nani aliyewachomea chokaa, na kwa nini walijenga pale walipojenga, mazungumzo hugeuka yakawa ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini, na ukali wake. Jawabu hilo lilitiwa nguvu na vitabu vya wageni. Meja Francis Barrow Pearce, aliyekuwa Balozi wa Kiingereza Unguja, alipotoa kitabu chake juu ya Zanzibar mwaka 1920, aliyaeleza magofu ya Ndagoni, yaani ya Ras Mkumbuu, na ya Pujini kwa bidii ambayo hatuna budi kuishukuru, lakini aliyahesabu kuwa ni mabaki ya dola ya walowezi wa Kiajemi, na mwenyeji wa kisiwa, ambaye jasho lake limo ndani ya kila ukuta, akabaki nje ya habari.

Fikra yangu ni kwamba jawabu hilo ni pungufu, na kwamba ushahidi wa kulitimiza haumo katika nasaba wala katika ngano, bali umo katika majengo yenyewe, mradi tuyasome kama yalivyojengwa, yaani kuanzia chini kwenda juu. Mtu aliyezoea kutazama ukuta uliosimama huona kazi ya siku moja na ya mkono mmoja. Lakini mwenye kuchimba chini ya sakafu huona kazi ya vizazi.

Tuanze na maneno ya wasafiri, kwa kuwa ni machache. Al-Masudi, mwanachuoni aliyezaliwa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa alichokiita Kanbalu mpaka Omani mwaka 304 wa Hijria, unaolingana na mwaka 916 Miladia, na wataalamu walio wengi wanakubali kwamba Kanbalu hiyo ni Pemba. Aliwataja Waislamu wa kisiwa hicho kuwa ndio walioshika hukumu. Na akaongeza neno ambalo wengi hulipita bila ya kulizingatia, kwamba lugha yao ilikuwa ni lugha ya Zanji, yaani ya wenyeji wa pwani hii. Baadaye Yakuti al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja Kisiwa cha Kijani, ambacho ndicho Pemba, kuwa na miji miwili, kila mmoja na sultani wake, na majina aliyoyaandika yanakaribiana mno na Mtambwe na Mkumbuu hata ni vigumu kuyafasiri vingine. Kwa hiyo tangu karne ya 10 walikuwapo hapa Waislamu waliosema kwa lugha ya nchi, na kufikia karne ya 13 palikuwapo miji iliyojulikana Baghdad. Lakini wasafiri hawa hawakutuambia jinsi misikiti ilivyojengwa, na hapo ndipo hatuna budi kuwaacha, tukaenda penye mawe.

Ras Mkumbuu ni rasi nyembamba na ndefu inayoingia baharini magharibi ya Chake Chake, ikaikinga hori ya mji upande wa kaskazini, na mbele yake, ng'ambo ya maji, kipo kisiwa cha Mesali. Chombo chochote kitokacho bara na kuelekea Chake hupita mbele ya ncha yake. Hapo upo msikiti wa Ijumaa wa karne ya 13 au ya 14, mpana, wenye nguzo ndani na mihirabu katika ukuta wa kaskazini, na karibu yake makaburi yenye minara ya mawe. James Kirkman, aliyepachimba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959, alilichunguza jengo hilo lionekanalo. Lakini katika mwaka 1984 Mark Horton aliteremka chini ya sakafu, na huko akakuta msikiti mwingine wa mawe, mdogo kuliko wa juu, uliojengwa kwa matumbawe yaliyochongwa. Na chini ya huo akakuta alama za msikiti wa tatu, ambao haukuwa wa mawe hata kidogo, bali wa miti.

Msomaji na azingatie jambo hili kwa makini, kwani uzito wote wa maudhui yetu umekaa juu yake. Lau msikiti wa Ras Mkumbuu ungalikuwa kazi ya watu waliotoka ng'ambo na mafundi wao, na ramani yao, na mali yao, tungalitarajia kuukuta umesimama juu ya mchanga mtupu, umekamilika tangu siku ya kwanza. Badala yake tunakuta jamaa ndogo iliyosali kwanza ndani ya banda la miti, kama lile ambalo mvuvi au mkulima yeyote angaliweza kulisimamisha kwa msaada wa jirani zake. Kisha, ilipoongezeka kwa idadi na kwa uwezo, ikajenga kwa jiwe pale pale. Kisha ikavunja na kupanua, pale pale tena. Wala Pemba si peke yake katika hili. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Horton huyo huyo alichimba katika miaka ya 1980 akakuta misikiti imepandana mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa ni kijumba cha miti cha karibu mwaka 780, na wa mawe ukaja baada ya zaidi ya karne moja kupita. Watu waliohama hubadili mahali. Waliobaki ndio wanaojenga juu ya msingi wa baba zao.

Umbo lenyewe la misikiti hii lafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake imo elimu kubwa ambayo haikuandikwa mahali popote. Pemba na Makka zimekaa karibu sawasawa juu ya mstari mmoja wa longitudo, kiasi cha nyuzi 39 nukta 8 mashariki, na kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini halisi, jambo ambalo nchi chache duniani zimejaaliwa. Msikiti hujengwa kwa kufuata mwelekeo huo: chumba cha mstatili, aghalabu kirefu zaidi kutoka kusini kwenda kaskazini, milango mbavuni, mihirabu katikati ya ukuta wa mbele ikitokeza nje kwa nyuma, na mimbari ya mawe yenye daraja chache kuliani. Kando yake kipo kisima na hodhi ya kutawadhia, na mara nyingi mawe ya matumbawe yenye kukwaruza, yaliyotiwa sakafuni ili mtu ajisugue nyayo kabla ya kuingia. Mnara wa kuadhinia haupo. Mwadhini alipanda juu ya dari kwa ngazi. Mwenye kuzoea misikiti ya Cairo au Isfahan ataukosa ua mpana wenye baraza pande zote, ataukosa mnara, ataukosa mlango mkubwa wa fahari, na akiwa ni mtu wa insafu atakiri kwamba mbele yake pana mtindo wa pwani hii, uliolelewa na pwani hii.

Na kwa nini umbo likawa hilo? Sababu kubwa ni boriti. Miti ya mikoko, iliyokatwa katika hori zetu na iliyosafirishwa mpaka Ghuba ya Uajemi ambako miti ya kujengea ni adimu, haibebi dari ya mawe na chokaa kwa salama ikizidi urefu wa mita 2 na nusu, au 3 ikiwa minene. Basi kila ukumbi mpana kuliko hivyo ulihitaji safu ya nguzo, na kila ilipohitajika nafasi zaidi ilihitajika safu nyingine. Ndipo tukaona misikiti kama ule mkuu wa Gedi, karibu na Malindi, ambamo safu ya kati ya nguzo imesimama sawa na mihirabu hata ikawaziba maamuma wasimwone imamu. Mgeni huona ni kosa. Mwashi alijua kwamba hakuna namna nyingine ya kuzigawa boriti zake kwa usawa, akakubali hivyo, na jamaa yake ikakubali naye.

Mawe yalikuwa ya namna mbili, na kubadilika kwa matumizi yake ndiko kunakotusaidia kujua umri wa ukuta. Katika karne za mwanzo waashi walipendelea matumbawe laini ya chini ya bahari, ambayo yakiwa mabichi hukatika na kuchongeka kwa urahisi, na yakikauka juani huwa magumu yasiharibike kwa karne nyingi; waliyakata vipande vya mraba wakayapanga kwa udongo au kwa chokaa. Kazi hiyo ilitaka wazamiaji, na mitumbwi, na subira ya kungojea maji kupwa. Kisha, katika karne ya 13 na kuendelea, desturi iligeuka: kuta zikajengwa kwa mawe ya nchi kavu yaliyovunjwavunjwa, yakafungwa kwa chokaa nyingi na kupigwa lipu juu yake, na yale matumbawe ya bahari yakawekwa kwa ajili ya mihirabu, miimo ya milango na matao, yaani mahali palipotakiwa nakshi. Wako wanaosema kwamba mabadiliko hayo ni dalili ya kudorora kwa ufundi. Mimi siwafuati, kwani kuta nene za chokaa ndizo zilizowezesha majengo makubwa zaidi, na Kilwa Kisiwani, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, ndizo zilizobeba makuba.

Chokaa nayo ilikuwa ni kazi ya kijiji kizima. Magogo yalipangwa kwa duara, juu yake yakarundikwa matumbawe na mawe, tanuu likawashwa na kuachwa liwake mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Kisha yakamwagiwa maji, yakaachwa muda mrefu yaive. Dari ilipofika, juu ya boriti ziliwekwa bapa za mawe, juu ya bapa kokoto na chokaa, na watu wakaiponda kwa vipande vya mti siku baada ya siku mpaka ikashikana isipitishe maji. Watu wa kaskazini mwa kisiwa husimulia habari za Msikiti Chooko, kwamba chooko, yaani choroko, zilichanganywa katika chokaa yake ili ishike. Ikiwa ni kweli au si kweli, hadithi hiyo imehifadhi jambo lililo sahihi, nalo ni kwamba msikiti ulijengwa kwa mavuno ya shamba, kwa sababu mwenye kuchoma chokaa na mwenye kuponda dari hawana budi kula.

Maandishi ni machache, lakini lipo moja ambalo thamani yake haikadiriki. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, katika ukuta wa kibla cha msikiti ambao sehemu kubwa yake ilijengwa upya katika karne ya 18, pamebaki maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe na kupambwa kwa majani, yasemayo kwamba msikiti uliamrishwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad mwaka 500 wa Hijria, ndio mwaka 1107. S. Flury, aliyeyachunguza na kuyatangaza mwaka 1922, aliulinganisha mwandiko wake na ule wa Uajemi, na ni kweli kwamba bandari ya Siraf ilikuwa ikitumia mwandiko wa mtindo huo. Hapa basi mkono wa ng'ambo unaonekana dhahiri, na sioni sababu ya kuuficha. Lakini jiwe ni la bahari yetu, na haiyumkini kwamba mchongaji alileta kutoka Uajemi maarifa ya matumbawe ambayo Uajemi haikuyahitaji kwa namna hii. Aliyejua herufi na aliyejua jiwe walikutana, ama katika watu wawili ama katika mtu mmoja aliyelelewa pande zote mbili.

Sasa tuje Chwaka, karibu na Tumbe, upande wa kaskazini mashariki. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliofanya uchunguzi mrefu huko, wameonyesha kwamba Tumbe ilikuwa ni kijiji kikubwa cha nyumba za udongo tangu karne ya 7 mpaka ya 10, bila ya jengo la mawe. Kisha watu wakaihama, na katika karne ya 11 Chwaka ikaanza jirani yake, ikadumu mpaka karne ya 16. Chwaka ilikuwa na misikiti ya mawe, si mmoja, na makaburi ya mawe, likiwamo lile wanaloliita la Haruni, ambaye masimulizi humfanya kuwa mwana wa Mkama Ndume. Ilhali walio hai, wenye mji, waliendelea kulala katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Jiwe lilikuwa ni la ibada na la wafu.

Na mali ya kujengea ilitoka wapi? Aghlabu hutajwa dhahabu, pembe na biashara ya ng'ambo, na ushahidi wa biashara hiyo haukosekani: Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zilizopigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Lakini Sarah Walshaw, aliyezichambua punje zilizoungua zilizopatikana katika uchimbaji wa Tumbe na Chwaka, aligundua kwamba watu wa Tumbe walikula zaidi uwele, na wa Chwaka walikula mpunga. Hili kwangu lina maana kubwa kuliko dinari. Mpunga wa mabonde ya Pemba ndio uliolisha karamu za zama hizo na mikono ya waponda dari, na ndio uliokifanya kisiwa kuwa ghala la Mombasa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika karibu mwaka 1516, alivisifu visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia kwa wingi wa chakula. Misikiti hii ni ya wakulima kama ilivyo ya wafanya biashara.

Hapo ndipo unaponijia mfano wa nchi iliyo mbali nasi kwa dini na kwa hali ya hewa. Katika vijiji vya Ufaransa, wakati ule ule ambapo Chwaka ilikuwa ikianza, wakulima waliokaa katika nyumba za mbao na udongo walikuwa wakijenga makanisa ya mawe. Na mtawa mmoja wa Burgundy, Raoul Glaber, aliandika kwamba baada ya kupita mwaka 1000 watu wa huko walishindana kuyajenga upya makanisa yao, hata yale ambayo hayakuwa na kasoro. Kanisa la kijiji kama hicho, likichunguzwa, huonekana kuwa na ukuta wa karne ya 11, matao ya karne ya 13, na mnara wa karne ya 15 au baadaye, kila kizazi kikiwa kimeongeza chake. Ufundi wa matao ulitembea kutoka nchi moja kwenda nyingine, waashi nao walitembea, na mabwana wengi walikuwa ni wa nasaba za Kifaranki zilizotoka ng'ambo ya mto Rhine. Walakini hakuna Mfaransa aambiwaye kwamba kanisa la kijiji chake si kazi ya kijiji chake. Sisi tumeambiwa hivyo kwa muda mrefu, na mara nyingine tumejiambia wenyewe.

Sisemi kwamba Washirazi ni ngano tupu. Utafiti wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha kwamba wengi wao walitokana na baba wa asili ya Uajemi na mama wa Kiafrika, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Basi wazee waliotuambia kwamba wana damu ya Shirazi hawakusema uwongo. Lakini tuzitazame tarehe: mwaka 1000, msikiti wa Shanga ulikuwa umekwisha kujengwa na kujengwa tena kwa zaidi ya miaka 200, na Waislamu wenye lugha ya Zanji wa Kanbalu walikuwa wamekwisha kuonwa na al-Masudi. Mgeni aliyekuja kuoa aliukuta msikiti, na wanawe waliupanua.

Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, ni mlango mwingine kabisa. Hapo tunaona ngome ya karne ya 15 au ya 16, iliyozungushiwa boma, yenye chumba chini ya ardhi ambacho ukutani mwake imetiwa sura ya siwa kwa lipu. Na masimulizi ya Mkama Ndume, aliyewalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, hayana shaka kwamba jengo hilo lilijengwa kwa shuruti. Huenda kumbukumbu ya shuruti hiyo, kwa kuwa ilikuwa chungu, ndiyo iliyofunika kumbukumbu ya kazi ya hiari iliyotangulia, hata kila ukuta wa kale ukapewa mwenyewe jabari. Ni dhuluma kwa watu wa Mkumbuu na Chwaka kuhesabiwa katika hesabu ya Pujini.

Mabaki haya yanaharibika. Mizizi ya miti inafungua kuta, mvua inaozesha chokaa iliyokosa dari, bahari inakula fukwe, na mahali pengine mawe yaliyochongwa yameondolewa yakatiwa katika misingi ya nyumba mpya. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Unguja tangu mwaka 2000. Magofu ya Pemba hayamo. Ufaransa ilimweka Prosper Mérimée kuwa mkaguzi wa majengo yake ya kale mwaka 1834, na baada ya sheria ya mwaka 1905 makanisa mengi ya vijijini yakawa ni milki ya wilaya zake ndogo, hivyo kwamba mtu wa kijiji ndiye anayeulizwa paa likivuja. Naona huo ndio mwendo unaotufaa. Serikali ina wajibu wake wa kulinda na kugharimia, nao ni mkubwa. Lakini shehia za Ndagoni, Tumbe, Mtambwe na Pujini zipewe sehemu katika ulinzi huo na katika manufaa yake, na kazi ya kufyeka, ya kuziba nyufa kwa chokaa ya tanuu na si kwa saruji inayozibana kuta za chokaa na kuzipasua, ifanywe na waashi wa hapa, ambao miongoni mwao wangaliko wanaoijua. Nawasihi walimu wa Chake Chake wawapeleke wanafunzi wao Ras Mkumbuu, wawaonyeshe sakafu na kile kilichokutwa chini yake. Na wewe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani aliyewahi kuchoma chokaa au kuponda dari, muulize leo namna ilivyofanywa, uandike.